Mkanda wa jeshi umenishikia njiani, niko Gulu. Krimu inatosha au nitafute vidonge?

Dereva_wa_Malaba | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi dereva wa trela, Malaba kwenda Juba, mwaka wa kumi na moja sasa. Umri 44. Juzi Jumamosi nikiwa kwenye foleni ya Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, nikirudi, ubavu wa kulia ukaanza kuwaka. Nikalaumu kiti. Jana Jumapili asubuhi nabadilisha fulana, tanboi wangu, msaidizi wa gari, akaniuliza, "Bosi, umeungua na nini?" Kujitazama kwenye kioo cha pembeni: vipele vyekundu vyenye maji, vimejipanga kutoka mgongoni kuja karibu na kitovu, upande mmoja tu. Nguo ikigusa natamani kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Nikapita duka moja la dawa njiani. Dada wa pale hata hakunitazama vizuri. Akanipa kikrimu cha asikloviri, vidonge 10 vya asikloviri vya miligramu 200, kimoja mara tatu, na kapsuli za antibiotiki, zile rangi mbili, nizifungue nimwagie unga juu ya vidonda. Nimelipa, nimepaka, nimemwagia. Leo niko Gulu, na vipya vinazidi kutoka.

Maswali mawili. Krimu hii inatosha? Na mwenzangu wa trela la nyuma ameniapia kwamba mkanda ukizunguka ncha zikakutana, mtu ni wa kuzikwa. Nina watoto wanne. Nipeni ukweli.

---

KinyoziWaKisenyi | saa 2:52 usiku

Pole bosi. Waganda wanaita kisipi. Ncha zikikutana kwaheri, hilo hata babu yangu alilisema. Tafuta mzee wa miti shamba mapema, achana na vikrimu vya wazungu.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 3:15 usiku

Dereva, soma hii kabla hujalala. Mimi ni mfamasia Kampala, naona wagonjwa kama wewe kila wiki, na wengi wanakuja na krimu hiyohiyo mkononi.

Ulipoviona vipele Jumapili asubuhi ndipo saa ilipoanza kuhesabu. Asikloviri, dawa ya virusi, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Kwako ni mpaka Jumatano asubuhi. Muda bado upo ila si wa kuchezea.

Krimu weka kando. Ulipougua tetekuwanga utotoni, kirusi chake hakikuondoka. Kilijificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, kikalala huko miaka yote. Sasa kimeamka, kimeteremka na neva moja mpaka kwenye ngozi, ndiyo maana vipele vimekaa mstari mmoja, upande mmoja. Krimu ya juu ya ngozi itakifuata wapi? Na huo unga wa rangi mbili unaua bakteria, kirusi haukigusi. Kazi yake hapo ni kugandisha uchafu juu ya kidonda.

Tuje kwenye vidonge. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kipimo cha mkanda wa jeshi ni miligramu 800, mara tano kwa siku, siku 7. Piga hesabu kwa hivyo vyako vya 200: vidonge vinne kila mara, mara tano, ni 20 kwa siku. Kwa wiki 140. Wewe ulipewa 10. Umeuziwa dozi ya nusu siku, ukaambiwa uinyooshe siku tatu na ushee.

Simlaumu sana huyo dada. Watu wanaingia dukani na hela ya vidonge kumi, wanapewa vidonge kumi. Lakini kipimo hicho ni sawa na kutomeza, na baadaye mtu anasema asikloviri haifanyi kazi.

Kesho asubuhi nenda kwenye kliniki yenye daktari au klinikali ofisa, akuone, akuandikie. Uliza kama wana vya 400 au vya 800, utapunguza idadi: vya 400 ni 70 kwa wiki, vya 800 ni 35. Pia ipo valasikloviri, ambayo ikiingia mwilini inageuka kuwa asikloviri hiyohiyo, ila inafyonzwa vizuri zaidi. Hiyo ni gramu 1 mara tatu kwa siku, siku 7. Ni rahisi kumeza, lakini sehemu nyingi bei yake inauma.

Swali la ncha kukutana nawaachia wenye uzoefu, nimechoka kulijibu.

---

Dereva_wa_Malaba | saa 3:24 usiku

Vidonge 140? Mama yangu. Hata ng'ombe hamezi hivyo.

---

Haboba_wa_Bombo | saa 3:41 usiku

Mwanangu, mimi ni Mnubi wa Bombo, nina miaka 67, na mkanda ulinishika mwaka niliomzika mume wangu. Hilo la ncha kukutana nililiamini. Kila asubuhi nilikuwa namwita mjukuu aje apime kwa uzi, vimebaki vidole vingapi. Hazikukutana, wala hazikutani. Mfamasia hapo juu ameshakupa sababu bila kujua: neva ya kulia inalisha upande wa kulia, inakoma katikati ya mwili.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilipakwa majivu na mafuta ya simsim, nikapelekwa hospitali siku ya tisa. Vipele vilishakauka vyenyewe. Daktari akaniambia, mama, vipele vingekauka hata usingekuja, tulichotaka kuwahi ni neva.

Ndipo nikaelewa nilichokikosa. Miezi saba moto haukutoka ubavuni. Ngozi safi, hata kovu dogo, lakini shuka ikigusa naruka. Nikapewa amitriptilini nimeze usiku, kidogo kidogo, nayo ilinipa usingizi. Kwa hiyo usiulize kama utakufa. Uliza kama utataka kuendesha gari mwaka mzima na moto ubavuni. Nenda kesho.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 3:50 usiku

Shikamoo Haboba. Niongeze kimoja tu. Ikitokea vipele viko pande zote mbili, au vimetawanyika mwili mzima nje ya mstari, hapo si ncha zimekutana, hapo kinga ya mwili imeelemewa. Huyo ni wa hospitali, asikloviri ya kwenye mshipa, si ya kumeza nyumbani.

---

Askari_Mstaafu | saa 4:05 usiku

Dereva, kwanza pole. Sisi jeshini mkanda unajifunga mwenyewe. Huu unafungwa, na hujui bizimu iko wapi. Mimi ulinifunga nikiwa bado kambini, kijana wa miaka 31. Afande daktari hakuniuliza chochote kuhusu ngozi. Aliniandikia kipimo cha damu. Nilikasirika sana siku ile. Leo namshukuru.

Kuhusu mara tano kwa siku, mimi ni Mwislamu, nilizifunga dozi na swala tano. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Sikukosa hata moja.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 4:18 usiku

Afande, mbinu nzuri ya kukumbuka, lakini tazama nafasi zake. Kutoka Alfajiri mpaka Adhuhuri ni zaidi ya saa saba, na Magharibi na Isha zimeachana kama saa moja tu. Dawa hii haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana inamezwa mara nyingi. Ukikaa saa saba bila dozi umekipa kirusi nafasi ya kupumua.

Kwa saa zetu ni rahisi kuliko inavyoonekana: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne. Usiku unalala. Weka kengele ya simu.

---

Askari_Mstaafu | saa 4:21 usiku

Kumi na mbili, nne, nane. Amri imepokelewa.

---

UmmuRayyan | saa 4:30 usiku

Na Ramadhani je?

---

Haboba_wa_Bombo | saa 4:36 usiku

Mgonjwa ana ruhusa, binti yangu. Atakula, atameza, atalipa siku zake baadaye. Usimsumbue mfamasia kwa jambo ambalo Qurani imeshalimaliza.

---

NesiWaMasaka | Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Nimeamka nimekuta uzi umekuwa mrefu. Nafanya kazi kwenye kliniki ya ARV. Afande amegusa jambo ambalo wengine mnalizunguka, na mimi nitalisema wazi kwa heshima ya Dereva.

Mkanda wa jeshi unawapata zaidi wazee, kwa sababu kinga inachoka na umri. Ukimpata mtu wa miaka 44, au 31, hapa kwetu Uganda tunapima VVU. Si kwamba kila mwenye mkanda anacho. Unaweza kutokea kwa uchovu, kwa kisukari, kwa dawa za saratani, na mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Lakini mkanda ni mojawapo ya ishara za mwanzo ambazo zimetusaidia kuwakuta watu mapema, kabla silimu, yaani UKIMWI, haijawakondesha. Watu wa wilaya ya Rakai, iliyoumizwa mapema na silimu, waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 wanajua ninachosema.

Dereva, leo ukiandikiwa dawa, pima. Na kama tayari uko kwenye ARV, usinijibu hapa, mwambie daktari. Kwa mwenye VVU hatuzifungi saa 72 kama kamba: vipele vipya vikiwa bado vinatoka, tunampa dawa hata siku ya nne, ya tano.

Na kuna wengine wanaosoma kimya, kwa hiyo niliseme. Baadhi ya watu wanapata mkanda miezi michache *baada ya* kuanza ARV. Kinga inaamka, inagundua kirusi kilichokuwa kimejificha, inapigana nacho. Nimeona watu wakitupa ARV chooni wakidhani ndizo zimewaletea kisipi. Msitupe. Meza zote mbili, ARV na asikloviri, ila daktari ajue, kwa sababu tenofovir, mojawapo ya ARV, na asikloviri zote zinapitia kwenye figo.

---

KinyoziWaKisenyi | saa 1:30 asubuhi

Nesi, heshima yako. Lakini miti shamba mnaitupa bure. Shangazi yangu alikuwa na TASO zamani, lile shirika la kusaidia wenye UKIMWI, na anasema waganga wa jadi walipewa wagonjwa wa kisipi hapahapa Kampala, na walipona. Hata madaktari waliandika.

---

NesiWaMasaka | saa 1:58 asubuhi

Shangazi yako hasemi uongo. Lilikuwepo shirika la THETA, lilianza 1992, likiwakutanisha waganga wa jadi na wa hospitali. Walifuatilia wagonjwa wa mkanda wenye VVU hapo Kampala, matokeo yakatoka 1999. Waliotumia miti shamba vipele vyao vilipona kwa muda unaokaribiana na wa wenzao wa hospitali, na hata maumivu yao yalitulia.

Tatizo ni hili: wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na vipele vya mkanda hukauka vyenyewe kwa wiki mbili hadi nne, umeze usimeze. Kwa hiyo kukauka peke yake hakumpi mtu ushindi. Mimi simkatazi mgonjwa kupaka jani safi lililochemshwa likapoa. Namkataza kupaka kinyesi cha ng'ombe, maji ya betri, na kuchelewa. Hayo mawili ya kwanza nimeyaona kwa macho yangu.

---

KinyoziWaKisenyi | saa 2:04 asubuhi

Maji ya betri? Banange.

---

Dereva_wa_Malaba | saa 7:20 mchana

Nimerudi. Kliniki niliifikia saa 3, daktari kijana, mpole. Amenitazama mgongo na tumbo, ameuliza kuhusu figo, kisukari, presha. Damu imetoka. Majibu ya kile kipimo ni yangu na mke wangu, lakini naweza kusema leo nimekula.

Famasi ya kwanza walikuwa na vya 200 tu, pakti tatu. Ya pili hawakuwa nazo. Ya tatu nimepata vya 400, 70 kamili. Simu yangu ya pili iko rehani kwa mwenye lodgi, nitaikomboa nikirudi. Dozi ya kwanza nimemeza saa 5 na nusu. Saa 8 nameza tena.

Daktari pia kaniambia ninywe maji mengi. Hapo kanigusa. Sisi madereva hatunywi maji barabarani, ukinywa utasimama kila kilima. Na maumivu, mwenzangu amenipa diklofenaki, anasema ni kali.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 7:41 mchana

Hongera. Saa 72 umeziwahi.

Diklofenaki mrudishie. Asikloviri inatoka kwa njia ya figo, na mwili ukikauka inaweza kuganda vijiwe vidogo humo humo. Diklofenaki na yenyewe inazibana figo. Ukiziweka pamoja, na dereva asiyekunywa maji, unaomba matatizo. Meza parasetamoli kwa vipimo vyake. Ikishindwa, rudi kwa daktari. Na maji, mzee, simama kwenye kila kilima.

Haboba alitaja amitriptilini. Ni dawa nzuri kwa maumivu ya neva, lakini wewe una usukani. Inamezwa usiku na asubuhi bado kichwa ni kizito. Ukipewa, gari lipaki.

Mwisho, funika hivyo vipele kwa nguo safi. Mkanda hauambukizi mkanda. Ila maji ya vipele vyako yanaweza kumpa *tetekuwanga* mtu ambaye hajawahi kuugua, mpaka vipele vyote vifanye magamba. Mke mjamzito, mtoto mchanga, mtu mwenye kinga dhaifu, wakae mbali. Tanboi wako aliwahi kuugua tetekuwanga?

---

Dereva_wa_Malaba | saa 7:50 mchana

Nimemuuliza. Anacheka. Anasema hakumbuki, na mama yake alishafariki, hakuna wa kumuuliza. Mwenyewe ndiye anayenipaka kalamini mgongoni.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 7:53 mchana

Anunue glavu.

---

Mgeni_Mbarara | saa 3:10 usiku

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Naomba nisiulizwe mimi ni nani. Asikloviri hiyohiyo niliandikiwa, lakini si kwa mkanda. Ni malengelenge ya sehemu za siri. Hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze. Sasa nina mimba ya miezi saba. Mume wangu anasema nimemletea kutoka nje, na mimi najua sijatoka nje. Naogopea mtoto kuliko ndoa.

---

NesiWaMasaka | saa 3:48 usiku

Nnyabo, umefanya vizuri kuuliza, na uzi ni wa wote, dawa ni moja na virusi ni ndugu.

Nianze na mtoto. Hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa *mara ya kwanza* karibu na kujifungua, kwa sababu mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga ya kumpa mtoto. Wewe kinga unayo tayari na mtoto anapokea sehemu yake. Hatari kwako ni ndogo, lakini haijafika sifuri. Kwa hiyo mwambie mkunga wako, usimfiche. Wengi huwaanzishia mama asikloviri miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36 mpaka uchungu, ili siku ile njia iwe safi. Dawa hii imetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi bila kuonekana kuwadhuru watoto. Ukifika leba na vidonda vipo, au unahisi ule mchonyoto wa kabla ya vidonda, sema mlangoni kabla hujapanda kitanda, kwa sababu watataka kukufanyia upasuaji.

Mtoto akizaliwa, na katika wiki za kwanza akakataa kunyonya, akapata degedege au vipele vya maji, hiyo siyo ya kusubiri asubuhi.

Kidonda cha siri kwa mjamzito kinapimwa na kaswende pia, hata kama una uhakika ni malengelenge. Kaswende inaua watoto tumboni na sindano yake ya benzathine ipo.

Sasa mume. Kirusi hiki kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka bila kidonda hata kimoja. Unaweza kuwa nacho tangu kabla hamjaoana, na yeye vilevile. Kidonda kinachotokea leo hakisemi kiliingia lini. Kinapita kwa mwenza hata siku ambazo hakuna vidonda. Kondomu inapunguza, haizuii yote. Muombe mume aje kliniki pamoja nawe. Mimi hiyo kesi naiamua kila wiki, na mara nyingi haina mkosaji.

Kuhusu vidonge vyako: mara ya kwanza kabisa huwa ni 400 mara tatu, siku 7 mpaka 10. Vinaporudi, siku 5 zinatosha, na uanze siku ileile unayohisi mwasho, si kesho yake. Vikirudi mara nyingi sana, tunampa mtu 400 mara mbili kila siku kwa miezi, kuvizuia. Hilo liamue na mkunga.

---

Mgeni_Mbarara | saa 3:55 usiku

Asante sana nesi. Nimelia kidogo, lakini vizuri.

---

Askari_Mstaafu | saa 4:02 usiku

Nesi, swali la mzee. Kama kidonda cha siri kinafungulia VVU mlango, kwa nini msiwape watu wote asikloviri kuzuia VVU?

---

NesiWaMasaka | saa 4:25 usiku

Afande, wataalamu waliuliza swali lako hilohilo. Walichukua jozi 3,408 za wapenzi katika nchi saba za Afrika, Uganda ikiwemo, mmoja ana VVU na malengelenge, mwenzake hana VVU. Nusu ya wenye VVU wakapewa asikloviri 400 mara mbili kila siku, nusu vidonge vitupu. Matokeo ya 2010: vidonda vilipungua kwa asilimia 73. VVU kwenye damu ilishuka kidogo. Lakini maambukizi kwa mwenza hayakupungua. Ilituuma, kwa sababu sote tulidhani itafanya kazi.

Kilichosaidia Rakai kilikuwa kitu kingine: tohara ya wanaume, ambayo mwaka 2009 ilionekana kupunguza hata malengelenge ya siri kwa wanaume kwa asilimia 28. Lakini huo ni uzi wa siku nyingine, msianze.

---

KinyoziWaKisenyi | saa 4:31 usiku

Mimi naanza kukubali. Swali la mjinga: dawa inakiua kirusi au inakilaza? Maana kinarudi.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 4:58 usiku

Si swali la mjinga hata kidogo, na mimi hii ndiyo dawa ninayoipenda kuliko zote dukani, kwa hiyo nivumilie.

Asikloviri ikiingia kwenye seli yako nzima, inakaa kimya, haina kazi. Ili iamke lazima iwashwe, na kimeng'enya kinachoiwasha analeta kirusi mwenyewe. Yaani mwizi ndiye anayebeba kiberiti kinachomchoma. Ikishawaka, inajifanya tofali la kujengea DNA. Kirusi anapojinakili analichukua tofali hilo, analiweka ukutani, na ukuta unakatikia hapo, hauendelei. Ndiyo maana haina madhara mengi kwa mtu ikilinganishwa na dawa nyingine kali.

Lakini angalia: inazuia *kujinakili*. Kirusi aliyelala kwenye fundo la neva hajinakili, kwa hiyo hana cha kuzuiwa. Anabaki. Ndiyo maana unatakiwa uwahi siku zile tatu anapozaana sana, na ndiyo maana haimuondoi milele.

Ilitoka maabara ya Burroughs Wellcome miaka ya 1970, na mmoja wa waliotangulia kazi hiyo ni Gertrude Elion, mama wa Marekani ambaye hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Nikiona mtu anauziwa vidonge kumi vya dawa ya mama huyu kwa wiki nzima, naumia.

---

KinyoziWaKisenyi | saa 5:03 usiku

Mwizi anabeba kiberiti. Kesho nawasimulia wateja.

---

MtuWaNakivale | Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Bandugu, nasoma kutoka kambi ya wakimbizi. Mama mdogo alipata mkanda usoni, kuanzia paji la uso mpaka ncha ya pua. Watu walisema ni uchawi, wakampaka dawa ya meno. Leo jicho la kushoto haoni vizuri. Nilitaka tu wengine wajue.

---

NesiWaMasaka | saa 2:40 asubuhi

Pole sana ndugu. Kila mtu ashike hili: kipele kwenye ncha ya pua ni taarifa kwamba neva hiyohiyo inafika jichoni. Usoni hatuhesabu saa, tunampeleka siku ileile kwa mtu wa macho, na asikloviri ya kumeza inaanza hata kama siku tatu zimepita. Wala msinunue matone ya macho ya dukani, mengine yana steroidi na yanaweza kuharibu zaidi. Mama mdogo apelekwe tena kwa daktari wa macho, huenda bado kuna cha kuokoa.

---

Dereva_wa_Malaba | Jumatatu iliyofuata, saa 1:15 usiku

Niko nyumbani Malaba. Kesho asubuhi namaliza. Vipya viliacha kutoka siku ya tatu ya dawa. Sasa ni magamba, yanawasha kuliko kuuma. Usiku bado kuna moto unaopita mara moja kama umeme, lakini nalala. Kwenye usukani nilikuwa naweka chupa ya maji na kengele, nikisimama njiani polisi wa trafiki wananiuliza kuna shida gani na gari, nawaambia gari zima, dereva ndiye anamwaga maji.

Haboba, asante. Mfamasia, Nesi, Afande, Mungu awalipe. Hata Kinyozi.

---

Haboba_wa_Bombo | saa 1:40 usiku

Alhamdulillahi. Huo umeme ukizidi, au ukipita mwezi na nusu haujaondoka, usivumilie kama mimi.

---

Dereva_wa_Malaba | siku tisa baadaye, saa 3:05 usiku

Wakuu, nafufua uzi. Tanboi. Tangu jana ana homa, leo amejaa vipele vya maji kichwani, kifuani, mgongoni, kila mahali. Ana miaka 23. Glavu alizinunua, akazivaa siku mbili, akasema zinatoa jasho.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 3:11 usiku

Vipele vimeanza lini hasa?

---

Dereva_wa_Malaba | saa 3:13 usiku

Leo asubuhi.

---

MfamasiaWaMtaa | saa 3:16 usiku

Basi ni tetekuwanga, na kwa mtu mzima inaweza kushambulia hata mapafu. Kwake saa ni 24, si 72. Kipimo ni kilekile, 800 mara tano, siku 7, lakini lazima aonekane na daktari usiku huu au alfajiri, hasa akianza kukohoa au kupumua kwa shida. Usimgawie vidonge vyako vilivyobaki ukadhani umemaliza.

---

Dereva_wa_Malaba | saa 3:18 usiku

Havikubaki. Nilimeza vyote 70. Nawasha gari, tunaenda.